Jino Moja na Mwili Mzima

Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za viungo vya mwili mmoja, alitaja mguu, mkono, sikio na jicho, jino hakulitaja. Lakini mwenye ugonjwa wa kisukari huyajua maneno yale kwa jino lake. Sukari ikizidi katika damu, ufizi hupungukiwa na nguvu za kupigana na vijidudu, nao huvimba na kutoka damu. Tena usaha ukiisha kuingia, sukari nayo hupanda zaidi. Hivyo kiungo kimoja husumbua mwili wote, na mwili nao hukiumiza kile kimoja.

Wengi wetu hufunga shavu kwa kitambaa na kuuita uchungu huo msalaba wetu. Sivyo. Timotheo alishauriwa la kufanya kwa ajili ya tumbo lake, wala hakuambiwa avumilie tu.

Basi aumwaye ufizi na apime sukari yake, apige mswaki laini asubuhi na usiku, asukutue kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Maji hayo hutuliza tu, hayaondoi usaha; kwa hiyo aende upesi kwa daktari wa meno, amwambie kwanza kwamba ana kisukari. Akishindwa kutafuna, asiache sindano ya insulini kwa shauri lake mwenyewe, bali amwulize daktari wake siku ile ile. Uso ukivimba, homa ikapanda, au kumeza na kupumua kukawa kugumu, asingoje kupambazuke. Nasi tulio jirani tumpeleke hospitali usiku uo huo.