Juu ya Saa ya Kupimia Dakika



Waalimu wa michezo wanayo saa ndogo, nao huiita stopwochi. Haituambii kama ni saa tatu au saa tisa. Ukibonyeza kifungo chake yaanza kwenda, ukibonyeza tena yasimama, na ukitaka yarudi sifuri, kana kwamba hakuna kilichopita. Kwa vipimo vya namna hiyo watu walijua ya kuwa tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika New Zealand, kijana wetu Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, upesi kuliko wote waliomtangulia. Ni jambo jema kukumbukwa. Lakini sisi twataka kunena habari za kazi nyingine, iliyo ya zamani zaidi. Mwaka 1707 tabibu wa Uingereza, John Floyer, alitoa kitabu juu ya saa aliyotengenezewa, iendayo dakika moja tu, apate kuhesabu mapigo ya damu ya wagonjwa wake.

Hata leo katika zahanati mhudumu huhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi kwa dakika moja kamili, akitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mtoto wa miezi 2 ambaye hajatimiza mwaka, akivuta pumzi mara 50 au zaidi, hudhaniwa ana kichomi, yaani homa ya mapafu. Wa mwaka 1 hata 5, mara 40. Kichanga chini ya miezi 2, mara 60. Sharti mtoto awe ametulia, kwa maana aliaye hupumua upesi. Wala haifai kukisia, kwani jicho lililochoka huona lipendalo.

Jumapili moja ya msimu wa korosho tulikuwa tukihubiri katika kanisa dogo upande wa Newala. Neno lilikuwa Zaburi ya 90, pale Musa amwombapo Mungu awafundishe watu kuhesabu siku zao. Mama mmoja akainuka na mtoto mgongoni. Tukamwashiria kwa mkono aketi, tukidhani amechoshwa na maneno, naye akaketi. Tukaendelea kufundisha thamani ya wakati, na hotuba ilikuwa ndefu.

Baada ya baraka ndipo tuliposikia jinsi mtoto alivyokuwa akipumua. Tukaenda pamoja nao zahanati. Mhudumu akamfunua kifua, akaanzisha saa yake. Tumesimama penye makaburi mengi, ndugu, lakini hatukumbuki muda mrefu kama dakika ile. Saa ilipolia akasema, “Sitini na nane.” Mtoto alikuwa na miezi saba. Akapewa dawa palepale, kisha wakapelekwa Masasi kwa gari, nasi tukafuatana nao kuteremka mlima. Kwa rehema ya Mungu alipona.

Usiku ule tulitaka kujifariji kwa Marko 5. Bwana Yesu naye alisimama njiani, na binti Yairo akafa babaye akingali anangoja. Haikutufaa. Bwana alisimama kwa ajili ya mwanamke aliyeteswa miaka 12, amsikilize hata mwisho. Sisi tulimzuia mama ili tusikilizwe sisi. Tena yeye aliweza kumwambia binti aliyekufa ainuke. Hezekia pia alirudishiwa kivuli madaraja kumi, lakini hilo aliahidiwa Hezekia; mtoto yule hakuahidiwa, wala hotuba yetu haikupewa ahadi hiyo.

Siku chache baadaye tulimwomba mama yule radhi mbele ya wazee. Akatazama chini, akasema, “Baba Mchungaji, nilipouona mkono wako nalidhani umekwisha kumtazama mtoto, ukaona hana neno.” Wazee wakanyamaza, na sisi pia. Tulikuwa tumejiandaa kwa lawama. Kwa imani ile hatukuwa tumejiandaa.

Kwa hiyo twawaomba ninyi waalimu wa Injili: mama akitoka na mtoto wakati wa ibada, asizuiwe kwa mkono wala kwa jicho. Mzee mmoja wa kanisa amfuate nje na kumwuliza habari za mtoto, na kama anapumua upesi amsindikize zahanati saa ileile, hata ikiwa ni wakati wa meza ya Bwana. Sisi tutamwekea sehemu yake.