Tusikate Shauri Upesi

Fikirini mitungi miwili. Mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine. Wa pili ni kinyume chake. Mtungi mmoja wafichwa, shanga zatolewa humo moja moja, na mtu aulizwa: Zatoka mtungi upi? Aweza kungoja apendavyo kabla ya kujibu.

Hivyo ndivyo walivyopimwa watu wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1988. Wagonjwa walikata shauri upesi kuliko wenzao wazima, wengi baada ya shanga moja au mbili tu. Maishani haraka hiyo yaleta mateso. Jirani apita bila kusalimu, na mgonjwa ajisemea: Huyu ataka kuniua.

Basi Steffen Moritz wa Hamburg, Ujerumani, na Todd Woodward wa Kanada walitunga mafunzo ya kuifikiria fikira yenyewe, wakayaeleza mwaka 2007. Wagonjwa wachache hukaa pamoja na mwalimu. Huonyeshwa picha ikikamilika kidogo kidogo, na aliyeitaja upesi huona mwishoni kwamba alikosea. Hakuna achekwaye. Hujizoeza kujiuliza: Nina ushahidi gani? Je, hakuna sababu nyingine? Mafunzo hayo hayaondoi haja ya dawa, bali huenda pamoja nayo. Na uchunguzi wa mwaka 2022, uliokusanya majaribio mengi, ulionyesha kwamba huzipunguza imani za namna hiyo.

Na sisi je? Kijana wa jirani aanza kusema peke yake, nasi twatoa hukumu siku ile ile: amelogwa, au wazazi wake walikosa. Tumeona shanga ngapi? Mgonjwa ana udhuru, maana ugonjwa ndio umsukumao. Sisi tuna udhuru gani? Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Bwana wetu aliikataa hukumu yao, akamponya.

Enyi wazazi mlio na mgonjwa wa namna hii nyumbani, msimfiche wala msimfunge kamba. Mpelekeni hospitali mapema. Msimcheke, wala msishindane naye kwa makelele. Nanyi majirani, kabla ya kutamka neno juu ya nyumba ile, jiulizeni maswali yale yale wajifunzayo wagonjwa. Mungu atujalie sote subira ya kungoja ushanga mmoja zaidi.