Kumzika tunajua, kumtibu je?

Nilikwenda kuzika katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Marehemu alikuwa mama aliyefia ndani ya mtumbwi akikimbizwa hospitali, kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Nilifikia kwa tabibu wa zahanati, kijana niliyepata kumfundisha. Baada ya Isha akaniuliza: "Ustadhi, nikiomba uhamisho wa kwenda mjini nitapata dhambi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile tunalowapa wote: subira, ikhlasi, malipo kwa Mwenyezi Mungu. Akatabasamu. Ana miaka saba pale, yeye na muuguzi mmoja. Dawa ya kuzuia damu ilikuwa imekwisha. Usiku huzalisha akiwa ameibana tochi kwa meno. "Kila mgeni huniletea subira," alisema. "Hajaja wa kuniletea mafuta ya boti."

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihyaa kwamba utabibu ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi na mabishano ilhali miji mingi haina tabibu Muislamu. Nasi walimu (najihesabu wa kwanza) fardhi kifaya tunaifundisha kwa mfano mmoja tu: maiti. Wakimzika baadhi, wengine wamesalimika. Wakimwacha wote, wote wana dhambi. Siku ile kijiji kizima kilitoka. Sisi wa Dar es Salaam tulichanga nauli ya basi na boti kwa saa mbili tu. Mafuta yalipatikana.

Watasema hiyo ni kazi ya serikali, ndiyo inayokusanya kodi. Kweli, na mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji. Lakini jengo halizalishi, na uzembe wa mwingine haumwondolei fardhi mwenye uwezo.

Anayepokea mshahara kisha akatoroka wagonjwa amevunja amana. Aliyetumikia miaka saba, akaomba kwa utaratibu apokewe na mwenzake, mimi sioni dhambi yake. Deni naliona kwa daktari wa mjini asiyetaka hata kusikia jina la kijiji, na kwetu tunaobadilisha mazulia ya msikiti ambayo hayajachakaa.

Nilimjibu hivyo. Akaniuliza kama binti yangu akisomea udaktari nitamruhusu aje huku. Nilikuwa sijajibu muuguzi alipogonga mlango: ameletwa mtoto ana degedege. Tabibu akachukua tochi yake.