Kijana wa Mara, Soma Mkataba Kabla ya Kuvaa Jezi

Oktoba 2021, Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ilikuwa Kombe la Shirikisho Afrika, na timu ilifika huko kwa jasho lake, baada ya kushika nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Timu haikusafiri kwenda Libya, ikatolewa mashindanoni, na msimu uleule ikashuka daraja. Waliovuja jasho kuupata ushindi ule hawakuwa na kauli kuhusu safari.

Kauli ya mchezaji iko kwenye mkataba wake. Ndiyo maana vijana wanaojifua pale Uwanja wa Karume, Musoma, na wenzao wa Bunda na Butiama, wanapaswa kukijua vizuri kisa cha Feisal Salum, Fei Toto. Wengi wamebaki na utani wake tu.

Desemba 2022, Fei akiwa tegemeo la safu ya kiungo ya Yanga na mkataba wake ukiwa hadi 2024, aliamua kuondoka. Aliingiza Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kisha akaaga. Piga hesabu: milioni 4 kwa mwezi, kwa mmoja wa viungo bora nchini. Alikuwa na haki ya kutaka zaidi, na nitalisema hilo popote. Lakini Yanga ilizirudisha fedha zile. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji iliamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, akagonga mwamba tena. Ikafika mahali akaomba michango ya wananchi ili apeleke shauri lake Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS).

Huku yeye akihangaika na kamati, wenzake walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Fainali ya Afrika, naye hayumo! Mkwamo uliisha Juni 2023, baada ya Rais Samia, akiwa na Yanga Ikulu, kuwaomba viongozi walimalize suala lile. Siku chache baadaye Fei akatambulishwa Azam, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi. Kipaji cha namna hiyo kilikaa nje nusu msimu.

Fei alikuwa na jina, mawakili na sikio la Rais. Kijana wa Bunda anayekwenda kusaini daraja la chini hana hata kimoja. Mkataba huwekwa mbele yake ukiwa umefunuliwa ukurasa wa mwisho, kidole cha kiongozi kikimwonyesha pa kusaini, gari linanguruma nje. Nakala haachiwi. Mshahara ukikwama, anafunga begi na kurudi nyumbani bila kuandika hata mstari mmoja, na hapo aliyekuwa mdai anageuka mtoro.

Kanuni za FIFA zinamlinda akizifuata. Mishahara ya miezi miwili isipolipwa, anaiandikia klabu barua ya kudai na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Na aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu.

Tena wachezaji wasidai mmoja mmoja. Januari 14, 1964, mjini Boston, nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walijifungia chumba cha kubadilishia nguo, mechi ya nyota ikisubiriwa na televisheni, wakidai pensheni. Mmiliki wa Lakers alituma ujumbe wa vitisho kwa Jerry West na Elgin Baylor, hawakutoka. Walitoka wote kwa pamoja, baada ya rais wa ligi, Walter Kennedy, kuwapa ahadi. Wachezaji wetu nao wana chama chao, SPUTANZA. Wajiunge nacho, na wakidai kiwatetee.

Nawe mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama, kabla mwanao hajasaini, omba mkataba ulale nyumbani walau usiku mmoja. Mtafute mwanasheria, au hata mwalimu wake, ausome wote: mshahara, tarehe ya kulipwa, muda, kipengele cha kuvunja. Klabu ikikataa kutoa nakala, mwambie mwanao asisaini.