Kabla ya Kupanda Juu, Keti Uhesabu

Masomo: Luka 14:28-30, Matendo 27:9-44



Siku moja, baada ya ibada, mama mmoja mjane alinijia pamoja na mwana wake wa kwanza. Kijana amepata diploma ya Serikali, amesoma hesabu na fizikia, na sasa anatafuta chakula kwa kubeba watu kwa pikipiki. Mama akasema: "Papa shemasi, mtoto anataka kuwa rubani wa ndege. Mama mmoja wa maombi alimwona katika ndoto, amevaa nguo nyeupe, yuko juu ya mawingu. Nimepata mtu wa kununua parseli yetu ya Mangobo. Utuombee, tuuze."

Wapendwa, naungama mbele yenu. Jibu langu la kwanza lilikuwa baya. Nilimwambia kijana: "Mwanangu, kazi hiyo si ya watoto wa masikini." Nilisema hivyo kwa woga. Sisi wa Kisangani tunakumbuka tarehe 8 Julai 2011, ndege iliyotoka Kinshasa ilipoanguka Bangoka ikitafuta kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Mpaka leo, ndege ikipita wakati wa mvua, ninanyamaza mpaka sauti yake iishe. Lakini woga wa shemasi si sauti ya Mungu. Kijana aliinamisha kichwa akaenda, na usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda Mangobo kumwomba msamaha. Tukaketi chini ya mwembe, tukafungua Biblia, tukahesabu.

Kwanza, kazi hiyo ni njema. Kanisa letu limejengwa juu ya Upendo, Amri na Kazi. Kazi ya mikono na ya akili ni ibada. Nchi yetu ni pana, barabara zimekufa, na boti kutoka Kinshasa inaweza kukaa majuma mengi mtoni. Anayeleta dawa na wagonjwa kwa ndege anawatumikia watu wa Mungu. Tena rubani hakubaliwi kuongoza ndege akiwa na pombe mwilini. Mtoto aliyelelewa katika amri zetu hataona jambo hilo kuwa zito.

Pili, ndoto ijaribiwe. Papa Simon Kimbangu alisikia wito mwaka 1918. Hakukimbilia kujitangaza. Aliogopa, akaenda Kinshasa kutafuta kazi, na wito ukamfuata huko. Kazi ya uponyaji ilianza tarehe 6 Aprili 1921. Miaka mitatu ilipita, na wito haukupotea. Basi nilimwuliza mama: "Kama Mungu ndiye aliyesema, atasahau ukingoja mwaka mmoja?" Mwenye kukuharakisha uuze leo, kabla ya jua kuzama, ni mnunuzi. Mungu hana haraka hiyo.

Tatu, Bwana wetu anasema mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Tulihesabu hivi. Kabla ya yote ni daktari aliyekubaliwa kupima marubani: macho, masikio, moyo. Wengine huishia hapo, na hakuna dhambi ndani yake. Halafu ni Kiingereza, kwa sababu marubani wa ndege za nchi na nchi hupimwa lugha hiyo, na shule za jirani kama ile ya Soroti, Uganda, iliyoanza 1971, au ya Addis Ababa, hufundisha kwa Kiingereza. Sisi tumesoma Kifaransa. Halafu ni saa za kuruka: kama 40 kwa kibali cha kwanza, 150 au 200 kwa kibali cha kulipwa mshahara, na 1,500 kabla ya kuwa kapiteni wa ndege kubwa ya abiria. Kila saa ina bei yake, na jumla hufika makumi ya maelfu ya dola. Parseli ya Mangobo haifiki hata nusu. Mama angeuza paa la watoto wanne wadogo, na mwana angerudi na mnara usio na kichwa, watu wakimcheka. Na hata mwenye kibali mkononi anaweza kukaa muda mrefu bila kuitwa kazini.

Nne, soma Matendo 27. Paulo alionya kwamba safari ina hatari. Akida akamwamini nahodha na mwenye merikebu. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakadhani wamepata walilotaka, kisha tufani ikaja. Watu 276 waliokoka kwa neema, merikebu ikavunjika. Kijana, siku moja mwenye ndege atakuambia: "Ondoka, abiria wanangoja," nawe unaona mawingu meusi mbele. Je, utaweza kusema hapana? Moyo huo haununuliwi shuleni. Unajifunza sasa, juu ya pikipiki yako, unapokataa kubeba watu watatu ili upate haraka.

Basi tulikubaliana hivi. Parseli haiuzwi. Kijana aanze na yale ya bei ndogo: apimwe macho, ajifunze Kiingereza jioni, aweke akiba kidogo kidogo, na aandike barua kuomba masomo ya kulipiwa. Aulize pia kazi zilizo karibu na ndege, ya ufundi wa mashine na ya kuongoza ndege kutoka ardhini. Nazo ni utumishi. Baada ya mwaka tutaketi tena chini ya mwembe ule.

Mama alilia kidogo, kisha akacheka. Kijana akaniuliza: "Papa, kumbe hukatai?" Nikamjibu: "Sikatai, mwanangu. Nakataa mama yako alale nje."

Ninyi wazazi, msiue tamaa njema ya mtoto kwa sababu ya woga wenu. Ninyi vijana, msipande juu kwa kukanyaga mgongo wa mama. Na sisi watumishi, tukiletewa ndoto, tuombe, kisha tuchukue kalamu.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki na kuwalinda, wa nchi kavu, wa mtoni na wa angani. Amina.