Cha Mtu Mrudishie

Wapo watu wepesi wa kuomba radhi na wazito wa kurudisha. Mweka hazina aliyekula pesa za kikundi anasimama mbele ya wenzake, analia mpaka akina mama wanamwonea huruma, anasamehewa, watu wanapiga makofi, soda zinanywewa. Na pikipiki aliyoinunua kwa pesa zile inabaki imeegeshwa mlangoni kwake. Kesho yake anaipanda kwenda kazini, moyo mweupe kabisa.

Mhubiri aliyewajua barabara watu wa namna hii ni Hugh Latimer, Mwingereza, mtoto wa mkulima wa Thurcaston katika jimbo la Leicestershire. Mwaka 1535 alifanywa askofu wa Worcester. Uaskofu haukumdumu. Mwaka 1539 ilipitishwa sheria ya dini ambayo hakuweza kuikubali, akaondoka katika kiti chake, akanyamazishwa, na mwisho wa utawala wa Mfalme Henry VIII alikuwa mfungwa katika Mnara wa London. Alipotawazwa kijana Edward VI mwaka 1547, mzee akafunguliwa. Miaka miwili baadaye wabunge waliomba arudishiwe cheo chake, naye akakataa. Alitaka mimbari tu. Nadhani hapo ndipo ulimi wake ulipopata makali, maana hakuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Hotuba zake nyingi hazikutufikia kwa kalamu yake. Wasikilizaji waliziandika akiwa anasema. Thomas Some alichapisha zile za mbele ya mfalme mwaka huohuo wa 1549, na mtumishi Mswisi wa Latimer, Augustine Bernher, akachapisha nyingine mwaka 1562, bwana wake akiwa ameshafariki. Ndiyo sababu zinasomeka kama maneno ya barazani. Anaanza na andiko, anakatiza kusimulia habari za mama yake aliyekamua ng'ombe 30, anachekesha, anamkaripia jaji, kisha anarudi kwenye andiko lake kana kwamba hakuna lililotokea. Ili watu watoshe, mimbari ilijengwa nje, katika bustani ya ikulu ya Westminster. Mfalme, mtoto wa miaka 11, alisikilizia dirishani.

Mbele ya umati huo wa mabwana wakubwa, majaji na watunza fedha, Latimer alihubiri jambo moja Kwaresima tatu mfululizo: rudisheni mlichochukua. Wakubwa hawakupendezwa. Walinung'unika kwamba mzee angehubiri majuto ya moyo, hayo ya kurudisha ayaache. Kwa nini? Kwa sababu majuto hayana gharama. Mtu anaweza kujutia asubuhi na jioni na akaunti yake benki isipungue hata senti.

Lakini maneno yalianza kuzaa. Katika hotuba yake ya mwisho mbele ya mfalme, Kwaresima ya 1550, Latimer alitoa hesabu hadharani. Kwaresima ya kwanza zililetwa kwake pauni 20 zirudishwe kwa mfalme, zikaahidiwa 20 nyingine ambazo hazikufika. (Ahadi za namna hiyo tunazijua.) Ya pili zikaja pauni 320. Ya tatu zikaja pauni 180 na shilingi 10, akazikabidhi kwa baraza la mfalme siku hiyohiyo ya hotuba. Alipoulizwa ni nani huyo anayerudisha, alijibu kwamba afadhali wamkate koo kuliko kumtaja.

Pauni 320 zilikuwa pesa gani zama hizo? Mzee mwenyewe ametuachia kipimo. Baba yake alilipa kodi ya shamba zima pauni 3 au 4 kwa mwaka, na kwa kazi ya shamba hilo alimsomesha yeye na kuwaoza dada zake. Basi aliyerudisha pauni 320 alitoa kodi ya miaka 80 au zaidi. Aliishikaje muda wote ule bila kuhema?

Mimi hunisimamisha zaidi zile shilingi 10. Mtu anayetoa sadaka hutoa 100, au 200, namba ya mviringo inayopendeza kutangazwa. Anayerudisha hupata namba mbaya, yenye mkia, kwa sababu ameketi na karatasi akaandika: mwaka huu nilichukua hiki, mwaka ule kile. Ukitaka kujua kama toba ya mtu imefika mfukoni, tazama kama namba yake ina mkia. Anayekuja na "chukua hiki kidogo, mambo yaishe" hajahesabu bado.

Mmoja wa walioguswa na mahubiri hayo alikuwa John Bradford, mzaliwa wa Manchester. Alikuwa amefanya kazi chini ya Sir John Harrington, mlipaji wa askari wa Kiingereza huko Boulogne, Ufaransa, na alijua kwamba katika hesabu zile mlikuwa na pesa za mfalme zilizokaa mahali pasipo haki. Barua zake zinaonyesha jinsi jambo hilo lilivyomtesa. Alimwendea Latimer kwa ushauri, akambana bwana wake mpaka akakubali kurudisha. Baadaye akaacha kazi ya hesabu, akawa mhubiri. Wahasibu na makarani mtamwelewa Bradford kuliko sisi wengine. Mkubwa ndiye anayekula, lakini vocha imepita mezani kwako na saini ni yako. Wapo wanaojifariji kwamba wao walitumwa tu. Bradford hakuona faraja hapo, na sioni kwa nini wewe uione.

Latimer hakuishia kwa wezi wa hazina. Alieleza kwamba shamba lile la baba yake sasa linakodishwa kwa pauni 16 au zaidi kwa mwaka, na mpangaji wa leo hawezi kumpa maskini hata kikombe cha kinywaji. Mwenye ardhi aliyepandisha kodi hiyo hakuvunja mlango wa mtu, sheria ilimlinda. Latimer alimweka katika fungu moja na wanyang'anyi, na hapo wakubwa walikasirika kweli. Wenye nyumba wanaosoma safu hii wajipime. Ukimpandishia mjane kodi kwa kuwa unajua watoto wake wanasoma karibu na hapo na hana pa kwenda, huna kesi mahakamani. Ila umechukua.

Na rushwa je? Kuhusu hiyo mzee alikuwa na kisa kizuri mno. Bwana mmoja alikuwa na mamlaka ya kumpa padri parokia yenye mapato. Padri mmoja akampelekea matufaha 30 katika sahani. Bwana akayasukuma: matufaha ya nini, bustani yangu imejaa. Padri akatuma ujumbe kwamba tafadhali aonje moja tu. Lilipokatwa, ndani mlikuwa na vipande 10 vya dhahabu. Bwana akabadilika uso, akalisifu tunda. Padri, aliyekuwa amesimama karibu, akamhakikishia kwamba yote 30 ni ya mti mmoja na ladha yake ni moja. Parokia akapewa. Fanya hesabu: vipande 300 vya dhahabu kwa kazi ya kuchunga roho za watu. Latimer alicheka kwa uchungu kwamba kipandikizi cha mti ule kingemfaa mtu kuliko elimu yote ya Paulo Mtume.

Sahani za matufaha bado zinapelekwa, siku hizi zikiitwa zawadi ya mtoto, mchango wa harusi, nauli ya mkubwa. Aliyepokea husema hakuomba. Kweli hakuomba. Yule bwana naye hakuomba, tena alikataa mara ya kwanza. Swali la kujiuliza ni jepesi: nisingekuwa kwenye kiti hiki, sahani hii ingenifikia?

Kuna ujanja mmoja ambao naona ni mbaya kuliko wizi wenyewe, nao ni kuisafisha mali kwa sadaka. Mtu anakula pesa za dawa za zahanati, kisha anachangia mabati ya kanisa au zulia la msikiti, na jina lake linasomwa kwa kipaza sauti. Latimer alipambana na ujanja huu tangu mwaka 1529, alipohubiri Cambridge wakati wa Krismasi kwa mfano wa mchezo wa karata, jambo lililowakera wengi. Aliwaambia watu kwamba kupaka sanamu za watakatifu dhahabu na kujenga makanisa hakutawafaa kitu ikiwa maskini walio mlangoni wameachwa. Kwa nini Mungu apewe cha mtu mwingine? Mwenye mali anajulikana, ana jina, ana nyumba, pengine anapita mbele ya duka lako kila asubuhi. Sadaka iliyomruka huyo ili imfikie Mungu imekosea njia.

Huku kwetu somo hili halikusubiri askofu wa Kiingereza. Waislamu hufundishwa mapema kwamba dhambi inayogusa haki ya mja haina toba kamili mpaka haki irudi kwa mwenyewe au mwenyewe aiachilie. Na Uamsho wa Kikristo uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka Kenya, Tanganyika na Burundi, ulijulikana kwa hilohilo: waliookoka walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao, wakalipa kodi walizokwepa. Hawakuwa wamemsoma Latimer. Walimsoma Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Hata jirani aliyechoshwa na nyimbo zao za usiku alikuwa radhi kupokea jembe lake.

Nisimpambe mzee kupita kiasi. Mwezi wa Mei 1538, Latimer alihubiri Smithfield, London, siku padri John Forest wa Wafransisko alipochomwa akining'inia kwa minyororo juu ya moto kwa sababu ya imani yake. Miaka 17 baadaye, tarehe 16 Oktoba 1555, katika utawala wa Malkia Mary, Latimer mwenyewe alichomwa Oxford pamoja na Nicholas Ridley. Wanaomsifu huisimulia habari ya pili na kuiruka ya kwanza. Mimi naziweka zote, kwa kuwa ya kwanza inagusa shabaha yetu: pauni hurudi, uhai haurudi. Kuna vitu ambavyo mtu akishavichukua hana pa kuvitoa tena.

Jina la mtu liko katikati. Halirudi kama noti, lakini lina njia. Uliyemsingizia mbele ya watu kumi, nenda kwa haohao kumi ukaseme ulisema uongo. Kumwendea yeye peke yake jioni, gizani, na kumwambia "nisamehe dada yangu," ni kumrudishia shilingi moja kati ya mia. Najua ni kugumu. Wengine wangelipa ng'ombe kuliko kwenda kwa hao kumi.

Kwa mali, hata hivyo, Latimer hakudai mtu ajianike sokoni. Kurudisha kwa wazi, kama Zakayo, aliona ni kuzuri, na kwa siri ni kuzuri pia, mradi mali imfikie mwenyewe. Ukiogopa kufungwa au kuaibisha watoto wako, mtafute mtu anayejua kufunga mdomo, padri, shehe, mzee wa ukoo, akupelekee. Asipojua kufunga mdomo, tafuta mwingine. Huna zote? Peleka ulizonazo na useme zilizobaki ni ngapi. Kusema kiasi ndiko kunakomwuma mtu, ndiyo maana wengi hulipa kidogo kidogo bila kutaja jumla, na deni linabaki ukungu ambao wao tu wanajua mwisho wake.

Barua nyingi zinazonijia juu ya jambo hili zinahusu mirathi. Kaka mkubwa aliuza kiwanja cha marehemu baba, wadogo zake walikuwa wangali shuleni, na leo wamekua, wanauliza. Yeye anajibu kwamba aliwalipia ada, aliwalisha, kwa hiyo ngoma droo. Huenda ni kweli, huenda ametoa kuliko alichopokea. Kaka yangu, usibishane nao kwa mdomo sebuleni. Andika bei uliyouzia, na mwaka. Upande wa pili andika ada ulizolipa, muhula kwa muhula, na yale usiyoyakumbuka vizuri yaandike hivyohivyo kwamba huyakumbuki. Kisha waite wadogo zako, uwape karatasi waisome wenyewe.