Wewe Pumzika Tu

Mpendwa, zitazame nyumba za mitaani kwetu kunapopambazuka. Mama amekwisha kuepua maandazi, anayapanga kwenye ndoo. Mtoto mkubwa anafuta vumbi kwenye pikipiki yake, wadogo wanatafuta soksi. Kufika saa mbili wote wametawanyika. Amebaki mmoja, kijana aliyetoka hospitali miezi michache iliyopita, anayemeza dawa zake kila usiku na ambaye hasikii tena zile sauti za ugonjwa wake. Alipoinuka ili abebe ndoo, aliambiwa kwa upole: wewe pumzika tu.

Maneno hayo yametoka katika mapenzi. Aliyeyasema amekesha naye, ameuza kuku ili apate nauli ya kumfikisha hospitali ya Mirembe, ameogopa asije akampoteza. Simlaumu, wala wewe usijilaumu ikiwa maneno hayo ni yako. Naomba tu tukae nayo kidogo. Mtu akiambiwa apumzike mwezi, kisha mwaka, kisha miaka mitano, anajionaje moyoni mwake?

Kwa muda mrefu hata wataalamu walifikiri hivyo hivyo. Mwenye ugonjwa wa akili wa skizofrenia alitakiwa kwanza atulie kabisa, kisha apelekwe kwenye karakana maalumu ajifunze nidhamu ya kazi, na akionekana yuko tayari ndipo atafutiwe ajira. Wengi walizeeka wakiwa bado wanatayarishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, Deborah Becker na Robert Drake waliugeuza utaratibu huo. Walimuuliza mgonjwa jambo moja: unataka kufanya kazi? Akisema ndiyo, yatosha. Msaidizi wa ajira alianza mara moja kutafuta naye kazi ya kawaida yenye ujira wa kawaida, ile aipendayo mwenyewe, na mafunzo yakafuata akiwa ameshaianza. Msaidizi huyo yuko timu moja na daktari na muuguzi. Dawa zikimletea mtu usingizi mzito asubuhi, jambo hilo huzungumzwa mapema, kabla hajafukuzwa kwa kuchelewa. Tena msaada huo hauna tarehe ya mwisho.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo sita vya Ulaya, vikiwemo vya London, Rimini na Sofia, kwa watu 312 wenye magonjwa mazito ya akili ambao kwa mwaka mzima hawakuwa na ajira. Kati ya waliosaidiwa kwa njia hii, 55 katika kila 100 walipata kazi. Kati ya waliotayarishwa kwanza, ni 28. Kulikuwa na hofu kwamba pilikapilika za kazi zingewarudisha watu wodini, hofu ambayo naielewa vizuri. Lakini hao waliowahi kazini ndio waliolazwa tena kwa uchache.

Nikisoma habari hizo nawakumbuka wale watu wa sokoni katika mfano wa Bwana Yesu wa shamba la mizabibu. Ni saa kumi na moja jioni, nao bado wamesimama. Walipoulizwa sababu, hawakusema wamechoka wala wanaumwa. Walisema hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuchunguza kwa nini wengine waliwapita tangu asubuhi. Huenda mmoja wao alijulikana mji mzima kwa jambo alilolifanya siku moja akiwa hajitambui. Naye akatumwa shambani pamoja na wenzake.

Hapo ndipo sisi wengi hukwama. Ugonjwa wa akili ukipanda huacha madeni: kioo kimevunjwa, jirani ametukanwa, pesa za duka zimegawiwa wapita njia. Kuugua si dhambi, hilo tunalijua. Hata hivyo maumivu tuliyoyapata ni ya kweli, na yeye akishatulia sisi bado tunakumbuka. Tunasema tumemsamehe, na huenda ni kweli, lakini funguo za duka hatumpi tena. Je, moyo wako umewahi kusimama mahali hapo? Petro, ambaye alimkana Bwana akiwa na akili zake timamu, alikabidhiwa kondoo pale pale ufukweni, baada ya kula samaki. Hakuwekewa kwanza muda wa majaribio.

Kwetu kuunganisha kazi na matibabu si jambo geni. Kule Lutindi, Korogwe, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Kanisa la Kilutheri, wagonjwa wamelima na kufanya kazi za mikono kwa miaka mingi. Shida huanza mtu akirudi mtaani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nchini Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Lakini riziki ya wengi wetu iko gengeni, kwenye cherehani, kwenye gereji ya mtaani, na huko tegemeo ni jirani.

Basi ukienda kumwombea ndugu yako nafasi kwa fundi unayemfahamu, nakusihi, muulize kwanza mwenyewe nini kisemwe kuhusu ugonjwa wake na nini kiachwe. Ugonjwa ni wake, na habari zake ni zake. Makanisani tumezoea kuyataja magonjwa ya watu katika maombi, hata na jina la hospitali, tukidhani upendo unaturuhusu. Ombi la namna hiyo likimtangulia mtu kwa mwajiri, linaweza kumfungia mlango.

Na kazi ya kwanza huenda isidumu. Anaweza kuiacha baada ya wiki mbili kwa sababu kelele za mashine zinamsumbua. Wanaofuata njia ile ya New Hampshire hawahesabu hilo kuwa ameshindwa. Hukaa naye chini, wakamuuliza kilichomfaa na kisichomfaa, kisha wakaanza kutafuta nyingine. Je, nasi tunaweza kumvumilia hivyo? Wiki hii muulize angependa kufanya kazi gani. Asipojibu, labda ni kwa kuwa hajaulizwa siku nyingi. Muulize tena wiki ijayo, na katikati hapo mwombee, ukijiombea nawe subira.